Kupanda meli ya utalii: kipaumbele hununua nini, na mlango hufungwa lini

Karatasi za safari ya meli ya utalii hubeba nyakati nne tofauti, na abiria wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja. Wa kwanza ni muda uliopangiwa kufika bandarini. Wa pili ni muda ambao watu huanza kuruhusiwa kuingia melini. Wa tatu ni mwisho wa kujisajili, ambapo kaunta hufungwa ingawa meli bado imefungwa kamba gatini mbele ya macho yako. Wa nne ni muda wa kung'oa nanga, nao ndio unaoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye tangazo. Anayepanga siku yake kwa kuutazama huo wa nne huachwa. Anayelipia kipaumbele, yaani nafasi ya kupanda kabla ya wengine, akidhani kinamsogezea nyakati zote nne hujikuta amesimama nje ya jengo pamoja na wale ambao hawakulipa. Kipaumbele hugusa wakati mmoja tu, ule wa pili, na hata huo huugusa kwa sehemu.

Mifano mingi humu ni ya Florida. Bandari za Miami, Port Canaveral na Fort Lauderdale ni miongoni mwa zenye shughuli nyingi zaidi duniani kwa meli hizi, na ndugu zetu walioko Marekani mara nyingi huanzia hapo, wakati mwingine pamoja na wazazi waliokuja kuwatembelea. Southampton, Barcelona na Civitavecchia zina tofauti zake, na zinatajwa panapohusika. Saa zote ni za Kiswahili: 11:00 ya kwenye tiketi ni saa tano asubuhi, 16:00 ni saa kumi jioni. Ukimtumia mzazi ratiba ya siku hiyo, mwandikie kwa hesabu zote mbili, kwa sababu kosa la saa sita hapa halirekebishiki.

Kwa nini hakuna anayeingia asubuhi na mapema

Meli inayoondoka Jumapili jioni imefika gatini alfajiri ya Jumapili hiyohiyo, imejaa abiria wa wiki iliyopita. Chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024. Inabeba abiria 5,610 ikihesabiwa wawili kwa kila chumba, na vitanda vyote vikijaa hufika 7,600. Wafanyakazi wake ni takribani 2,350. Kati ya alfajiri na jioni ya siku moja, abiria wote hao wanateremka, mizigo yao inashushwa na kukaguliwa, vyumba vyote vinafagiliwa na kutandikwa upya, shehena ya vyakula inapandishwa kwa malori ya kunyanyulia, mafuta yanajazwa, kisha umati mpya wa idadi ileile unapanda.

Kuteremka kwa kawaida huanza karibu saa moja asubuhi, baada ya maafisa wa forodha na uhamiaji kuiruhusu meli, na hukamilika kati ya saa tatu na saa nne. Hapo panakuja jambo linaloamua kila kitu kingine: hesabu ya sifuri. Kila anayetakiwa kuondoka lazima kadi yake ya chumba iwe imepigwa skana mlangoni kutoka nje, na wale wanaoendelea na safari ya pili mfululizo lazima wahesabiwe na kuthibitishwa. Mpaka mfumo usome sifuri, hakuna abiria mpya hata mmoja anayevuka daraja la kupandia. Mtu mmoja aliyepitiwa na usingizi chumbani, au aliyetoka bila kadi yake kusomwa, hufanya majina yaitwe kwenye vipaza sauti na jengo zima lisimame. Aliyelipia chumba cha ghali kuliko vyote naye husubiri.

Hesabu ikitimia, upandaji huanza, mara nyingi kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu asubuhi. Vyumba hufunguliwa baadaye, karibu saa saba au saa saba na nusu mchana. Kwa hiyo anayeingia wa kwanza kabisa huwa na saa mbili za kuzunguka melini akiwa na begi lake mkononi.

Kuna siku ratiba hii huvunjika kabisa. Ukungu ni sababu kubwa Tampa na Galveston wakati wa majira ya baridi: mkondo wa meli hufungwa, meli hukaa baharini ikisubiri, na saa za kila mtu husogea mbele. Mlipuko wa ugonjwa wa tumbo katika safari iliyopita nao huongeza saa za kusafisha kwa dawa. Kampuni hutuma ujumbe kwa simu au barua pepe kutaja muda mpya. Soma ujumbe huo kabla ya kutoka hotelini, na hakikisha namba uliyoandika kwenye usajili ndiyo inayofanya kazi katika nchi uliyopo, si laini ya nyumbani iliyozimwa.

Muda wa kufika: unapatikana mtandaoni, si bandarini

Zamani watu walifika walipotaka, na foleni ya saa sita mchana ilizunguka jengo. Siku hizi kampuni kubwa zote hugawa muda wa kufika, mara nyingi vipande vya nusu saa, na unauchagua mwenyewe unapomaliza usajili wa mtandaoni. Vipande vya mapema huisha haraka. Ndiyo maana tarehe ya kufunguliwa kwa usajili ina uzito kuliko watu wanavyodhani, na kwa msafiri wa kawaida ndiyo kipaumbele cha bure kilichopo.

Tarehe hizo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Royal Caribbean hufungua siku 45 kabla ya safari, Norwegian siku 21. Carnival hufungua siku 14 kabla, lakini waliolipia kipaumbele na wateja wa ngazi za juu huanza siku 16 kabla. Disney imelipanga jambo hili kwa ngazi nyingi zaidi: anayesafiri nao mara ya kwanza huanza siku 30 kabla, kisha wateja wa kurudi kwa siku 33, 35 na 38 kadiri ngazi zao zinavyopanda, na ngazi ya juu kabisa pamoja na wenye vyumba vya huduma maalumu siku 40. Sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara, basi soma ukurasa wa safari yako yenyewe.

Disney na baadhi ya kampuni nyingine hufungua usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwa aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hiyo ni saa moja asubuhi kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, na saa mbili asubuhi miezi iliyobaki. Hapa aliye nyumbani ana nafuu: jamaa zake wa Minnesota wamelala, yeye amekwisha kunywa chai. Familia moja ikiwa na vyumba vitatu chini ya namba tofauti za malipo, mmoja anaweza kusajili wote kama ana pasipoti zao mbele yake, na ni vizuri afanye hivyo, kwa sababu vyumba vikipata muda tofauti mtatenganishwa mlangoni.

Andaa haya kabla ya saa hiyo kufika: pasipoti za wote, kadi ya benki, namba na jina la mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura ambaye hasafiri nanyi, na picha ya uso ya kila abiria. Picha hupigwa kwa simu mbele ya ukuta mweupe, bila kofia na bila miwani. Hijabu inaruhusiwa ilimradi uso wote uonekane, kuanzia paji mpaka kidevu. Mfumo ukikataa picha, tatizo mara nyingi ni kivuli au mwanga wa dirisha nyuma ya kichwa. Mtu asiye na picha iliyokubaliwa hupelekwa kaunta kupigwa upya, na hapo ndipo foleni ndefu ilipo.

Kosa linalowapata sana watu wa Afrika Mashariki ni majina. Wengi wetu tuna majina matatu, na mtu huagiza tiketi kwa mawili aliyoyazoea. Taarifa za abiria zinazotumwa kwa serikali hufuata mistari miwili ya herufi iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Jina la ukoo liwe lile lililo upande wa ukoo, na mengine yote yafuate kama yalivyoandikwa. Kurekebisha wiki tatu kabla ni simu moja. Kurekebisha asubuhi ya safari ni kutolewa kwenye mstari, kusubiri msimamizi, na kuomba mtandao usikwame.

Kadi ya benki nayo ina mtego. Meli huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi kama dhamana ya matumizi ya ndani. Kwa kadi ya mkopo hilo halionekani sana. Kwa kadi inayotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti, fedha hizo hushikiliwa na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya safari. Kama kodi ya nyumba hutolewa kwenye akaunti hiyohiyo, tumia kadi nyingine au weka amana ya taslimu kwenye dawati la wageni. Kampuni nyingi hukubali.

Ukishamaliza, utapata pasi ya kupandia yenye msimbo wa kusomwa na skana. Ihifadhi kama picha ndani ya simu na ubebe nakala ya karatasi. Majengo ya bandari ni ya chuma na zege, mtandao humo ndani ni dhaifu, na mtu anayesubiri programu ifunguke huwazuia walio nyuma yake.

Mpangilio wa nani hutangulia

Ndani ya jengo kuna vituo vitatu: ukaguzi wa usalama wenye mashine za eksirei, kaunta ya hati, na ukumbi wa kusubiri kabla ya daraja. Kipaumbele mara nyingi hufanya kazi katika viwili vya mwisho. Ukaguzi wa usalama katika majengo mengi ni wa pamoja, na hapo mwenye daraja la juu husimama nyuma ya familia ya watu kumi yenye mabegi ishirini. Majengo mapya yana mlango wa pembeni kwa wenye vyumba vya kifahari. Ya zamani hayana.

Kwa kawaida wanaotangulia ni maharusi wanaofunga ndoa melini kabla ya kuondoka, kwa kuwa wageni wao wasiosafiri lazima wateremshwe mapema, pamoja na wanaohitaji viti vya magurudumu. Kisha huja wenye vyumba vya juu: eneo la Haven kwa Norwegian, Yacht Club kwa MSC, vyumba vikubwa kwa Royal Caribbean. Hufuata wateja wa ngazi za juu za uaminifu, yaani waliolala usiku mwingi kwenye meli za kampuni hiyo. Halafu walionunua kipaumbele, kisha makundi ya namba kwa kadiri watu walivyofika. Kampuni moja huweza kuwaweka walionunua sawa na wateja waaminifu, nyingine huwatanguliza waaminifu. Yote hayo yana maana kwa dakika thelathini au arobaini za kwanza baada ya mlango kufunguliwa. Makundi hayo ya mwanzo yakishapita, mstari huwa mmoja na kipaumbele huyeyuka. Aliyelipia kisha akafika saa nane mchana ameacha fedha yake mezani.

Basi kinanunuliwa nini hasa? Carnival wana kifurushi wanachokiita Faster to the Fun. Thamani yake kubwa si foleni ya bandarini. Ni chumba kufunguliwa mapema, mizigo kuletwa mapema, kupewa nafasi ya mbele kwenye boti ndogo pale meli inapotia nanga mbali na ufuko, na kuchagua wakati wa kuteremka siku ya mwisho. Idadi yake kwa kila safari ni ndogo na hulipwa kwa chumba, hivyo chumba cha watu wanne hugawana gharama. Royal Caribbean wana The Key: kupanda mapema, mahali pa kuacha begi la mkononi, chakula cha mchana cha siku ya kwanza katika ukumbi mkuu badala ya msongamano wa mgahawa wa juu, na intaneti. Hiyo hulipwa kwa kichwa, kwa kila siku. Kwa msafiri ambaye angenunua intaneti hata hivyo, tofauti ya bei inaweza kustahili. Kwa asiyehitaji intaneti, ni fedha nyingi kwa kuokoa nusu saa.

Kwa maoni yetu, familia yenye watoto wadogo hufaidika na chumba kufunguliwa mapema kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mtoto anayehitaji kulala mchana hana pa kulala mpaka saa saba na nusu. Kwa safari ya siku tatu, kipaumbele cha kuteremka kina faida kama una ndege ya mchana. Kwa mzazi mzee anayechoka kusimama, usilipie kipaumbele hata kidogo. Msaada wa kiti cha magurudumu ni bure, huombwa kwa kampuni wiki kadhaa kabla kwa fomu ya mahitaji maalumu, na msindikizaji hupita naye. Wazee wetu wengi hukataa kiti kwa kuona haya, kisha husimama saa moja na nusu kwenye zege. Mweleze mapema kwamba kiti ni cha bandarini tu. Akishaingia melini atatembea mwenyewe.

Njia nyingine isiyo na gharama ni kuchagua muda wa mwisho badala ya wa kwanza. Msongamano huwa mkubwa kati ya saa tano na saa saba. Anayefika saa nane mchana kwa meli inayoondoka saa kumi na moja jioni mara nyingi hutembea kutoka barabarani mpaka chumbani bila kusimama pa maana, na chumba kiko tayari. Hasara yake ni kwamba amebakisha nafasi ndogo ya kosa: tairi likipasuka barabarani, hana akiba.

Kwenye Mediterania mambo ni tofauti. Meli za MSC na Costa hupandisha abiria kwenye bandari nyingi za njia moja, wengine Barcelona, wengine Marseille, Genova au Civitavecchia. Hakuna siku moja ya kubadilisha watu wote, basi hata hesabu ya sifuri haipo kwa namna ile, na upandaji huenda polepole siku nzima. Kipaumbele hapo kina thamani ndogo zaidi. Cha kuangalia ni umbali: Civitavecchia iko takribani kilomita 70 hadi 80 kutoka Roma, na aliyesoma "Roma" kwenye tangazo akapanga kufika kituo cha Termini saa tisa mchana amekwisha kuchelewa.

Mlango hufungwa lini, na nani hufunga

Watu hugombana na wahudumu wa kaunta kana kwamba kufungwa kwa mlango ni ukaidi wa kampuni. Marekani, sheria ya forodha inaitaka meli itume orodha kamili ya kielektroniki ya walio ndani angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Orodha ikishatumwa, kuongeza jina ni kuanza upya na serikali. Ili zibaki dakika za kulinganisha majina na kadi zilizosomwa mlangoni, kampuni hufunga usajili mapema zaidi, kati ya dakika 60 na dakika 120 kabla. Soma mkataba wako ujue ni ngapi. Meli ya saa kumi jioni inaweza kufunga saa nane kamili mchana.

Sababu ya pili ni usalama, nayo ililipiwa kwa uhai wa watu. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga miamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache tu baada ya kutoka Civitavecchia, na watu 32 walifariki. Abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile hawakuwa wamefanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Kuanzia tarehe 1 Januari 2015, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka zoezi lifanywe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Tangu mwaka 2020 meli nyingi zimeacha kukusanya watu wote kwa pamoja: unaangalia video kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha unakwenda mwenyewe kituo chako cha kukusanyikia na kadi yako inasomwa. Fanya hivyo mara tu unapoingia, kabla ya chakula. Asiyekwenda huitwa kwa jina, na akikaidi anaweza kuteremshwa.

Wanaorudishwa kaunta

Wengi wanaorudishwa walifika kwa wakati. Kilichowaangusha ni hati.

Viza ya kuingia mara moja ndiyo inayoumiza zaidi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi, akipanda meli kwenda Bahamas au Meksiko amekwisha kutoka nchini, na kurudi Miami ni kuingia upya. Viza iwe ya maingizo mengi na iwe hai mpaka siku ya kurudi. Vivyo hivyo Barcelona: meli ikitoka Hispania ikapitia Tunis kisha ikarudi Italia, hayo ni maingizo mawili ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Aliyeko Uingereza kwa kibali cha ukaazi asidhani kibali hicho kinamfikisha Norway au Hispania kutoka Southampton. Anahitaji viza ya Schengen kwenye pasipoti yake. Na kwa kuwa kadi za ukaazi za Uingereza zilimalizika tarehe 31 Desemba 2024 na nafasi yake kuchukuliwa na viza ya kielektroniki, hakikisha pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na akaunti hiyo.

Raia wa Marekani wanaotoka na kurudi bandari ileile wanaruhusiwa kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Jirani yako Mmarekani akikuambia hahitaji pasipoti, anasema kweli kwa upande wake. Wewe mwenye kadi ya ukaazi ya Marekani unahitaji kadi hiyo ikiwa hai, na bandari za njiani zitataka pasipoti. Pasipoti iwe na miezi sita mbele baada ya safari.

Watoto wetu hubeba jina la baba, kwa hiyo mama anayesafiri na mtoto peke yake huonekana kwenye karatasi kama mtu asiyehusiana naye. Beba cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, na barua ya idhini ya baba iliyothibitishwa na wakili. Watoto wachanga hupokelewa wakiwa na angalau miezi sita kwenye safari nyingi, na mwaka mmoja kwa safari za kuvuka bahari kuu. Mjamzito anayefikia wiki ya 24 wakati wowote wa safari hukataliwa na kampuni nyingi, hata kama siku ya kupanda bado hajafika.

Baadhi ya nchi za Karibi na Amerika ya Kati hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Afrika Mashariki. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi.

Mizigo

Begi kubwa hupewa wapagazi nje ya jengo likiwa na lebo ya chumba chako, nalo hufika mlangoni kwako alasiri au jioni. Usiweke humo pasipoti, dawa, miwani wala chaja. Kila safari kuna mtu anayekabidhi pasipoti ndani ya begi kisha akagundua hilo akiwa kwenye kaunta, na begi liko kwenye toroli kati ya mengine elfu kadhaa. Pasi ya nguo, birika la umeme, jiko dogo, mishumaa, udi na chetezo vyote haviruhusiwi, kwa hofu ya moto. Begi lenye kimojawapo hushikiliwa chumba cha usalama na utaitwa kulifungua, mara nyingi baada ya chakula cha jioni. Chakula kilichopikwa nyumbani nacho hukataliwa na kampuni nyingi. Kilichofungwa kiwandani hupita.

Meli ikikuacha

Afadhali kufika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ya asubuhi ya siku ya safari ni kamari, na aliyelipia ndege mwenyewe hana wa kumdai.

Meli ikiondoka bila wewe Marekani, usikimbilie kununua ndege ya kwenda bandari inayofuata kabla ya kuzungumza na kampuni. Sheria ya mwaka 1886 inakataza meli zenye bendera ya kigeni, ambazo ni karibu zote hizi, kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kugusa bandari ya kigeni ya mbali. Aliyeachwa Seattle akaifuata meli Juneau, Alaska, kisha akateremkia Seattle, amevunja sheria hiyo, na faini ni mamia ya dola kwa kila abiria. Kampuni hukataa kumpandisha ili isiilipe. Akiachwa Miami na bandari inayofuata ni Nassau au Cozumel, anaweza kuruhusiwa, mradi ana pasipoti na ruhusa ya kuingia nchi hiyo.

Kwenye bandari za njiani muda wa mwisho ni mfupi zaidi, kwa kawaida nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka, na kosa kubwa ni la saa ya mkononi. Jimbo la Quintana Roo huko Meksiko, ilipo Cozumel, halisogezi saa zake kiangazi kama Miami ifanyavyo. Wakati wa baridi liko sawa na Miami. Kiangazi liko nyuma kwa saa moja. Simu hujibadilisha yenyewe kufuata nchi kavu, meli hubaki na saa yake, na mwenye simu huchelewa saa nzima akiamini amewahi. Kabla ya kuteremka, tazama saa iliyo karibu na daraja na uifuate hiyo.

Machi 2024, Norwegian Dawn, meli ambayo mwanzoni mwa 2023 ilifunga gati Mombasa, iliwaacha abiria wanane São Tomé waliochelewa kutoka matembezi waliyopanga wenyewe. Waliiona ikiwa bado imetia nanga, lakini hawakupandishwa. Walijaribu kuifuata Gambia, meli ikashindwa kuingia huko kwa sababu ya maji, na waliipata Dakar, Senegali, baada ya kupita nchi kadhaa. Matembezi yanayouzwa na meli yenyewe yakichelewa, meli husubiri au kampuni hukupeleka kwa gharama yake. Ya nje ni juu yako. Meli inapomkosa mtu, kwa kawaida mabaharia hutafuta pasipoti yake chumbani na kumwachia wakala wa meli wa bandari hiyo. Jina na simu ya wakala huandikwa kwenye jarida la kila siku linaloletwa chumbani. Lipige picha kila asubuhi kabla ya kuteremka.